Kongosho na kinga ya mwili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ugonjwa, tiba na utafiti Uganda

Maswali haya yametoka kwa wagonjwa, ndugu wanaowauguza, wanafunzi wa uuguzi na wasikilizaji wanaopiga simu redioni kipindi cha afya kinapoisha. Yanaanza na ya msingi na kuishia na yale ya nadra, na yanayogusana yameelekezwa kwa namba ili tusirudie maneno. Kama una maumivu makali ya tumbo sasa hivi, soma swali la 5 kwanza. Mengine yatasubiri.

## Tuanzie mwanzo

1. Kongosho liko wapi, na kazi yake ni nini?

Liko nyuma ya tumbo la chakula, limelala kwa upana karibu na uti wa mgongo, ndiyo maana likiumwa maumivu hupenya hadi mgongoni. Kwa mtu mzima lina urefu wa sentimita 15 hivi. Sehemu yake kubwa hutengeneza vimeng'enya vya kusaga mafuta, protini na wanga, ambavyo humiminika kwenye utumbo mwembamba kupitia mrija unaokutana na ule wa nyongo. Katikati ya sehemu hiyo kuna vikundi vidogo vya seli ambavyo Paul Langerhans, akiwa bado mwanafunzi Berlin, alivieleza mwaka 1869. Hivyo ndivyo vinavyotoa insulini.

Karibu kila jibu hapa chini linategemea ni kazi ipi kati ya hizo mbili iliyoharibika: ya kusaga chakula au ya kudhibiti sukari.

2. "Kongosho limevimba" na "kinga inashambulia kongosho" ni ugonjwa mmoja?

Si mmoja, ingawa wakati mwingine hukutana. Kongosho kuvimba kunaweza kuwa kwa ghafla, mtu akapona kabisa, au kukawa kwa kudumu, likasinyaa na kuweka makovu na vijiwe. Mara nyingi chanzo si kinga bali ni vimeng'enya vyenyewe kuamka kabla ya kufika utumboni na kuanza kusaga nyama ya kongosho.

Kinga ikishambulia, kuna njia mbili. Ya kwanza inalenga zile seli za insulini peke yake: hicho ni kisukari cha aina ya kwanza, na kongosho lililobaki huendelea kusaga chakula. Ya pili inalivamia kongosho zima na mirija yake, likavimba na kukakamaa. Huu ndio ugonjwa ambao watafiti wa Japani waliupa jina la uvimbe wa kongosho wa kinga kujishambulia mwaka 1995, ingawa Mfaransa Henri Sarles alikuwa ameeleza wagonjwa wa namna hiyo tangu 1961. Ni wa nadra. Tunautaja sana kwa sababu ukikosewa, mtu hupasuliwa bure (swali la 8).

3. Kwetu kongosho huvimba kwa sababu gani?

Vijiwe vya nyongo na pombe ndivyo vinavyoongoza duniani, na hapa tusijidanganye kwamba tuna hadithi tofauti. Waragi haina huruma na kongosho, iwe ya kiwandani au ya kienyeji, na sigara huongeza madhara. Baada ya hapo kuna mafuta ya damu kupanda kupita kiasi, matumbwitumbwi ya utotoni yanayovimbisha mashavu, minyoo mikubwa ya tumbo ikipanda na kuziba mrija, ajali inayogonga tumbo (usukani wa baiskeli ni maarufu kwa watoto), na dawa kadhaa, zikiwemo za zamani za virusi vya ukimwi (swali la 24).

Wengine wamezaliwa nayo. Mwaka 1996 kikundi cha David Whitcomb nchini Marekani kilionyesha kwamba hitilafu katika jeni ya PRSS1 hufanya kimeng'enya kimoja kikatae kuzimika, na ukoo mzima ukaugua tangu utotoni. Ukiona mtoto na baba yake wote wanaugua kongosho na hakuna anayekunywa, fikiria hilo.

4. Ndugu yetu alianza kuumwa usiku baada ya kula kwenye sherehe. Si ametiliwa sumu?

Tunaulizwa hili karibu kila wiki. Kongosho lina tabia hiyo hasa: mlo mkubwa wenye mafuta hukifanya kifuko cha nyongo kijikaze, kijiwe kikasukumwa na kuziba mrija, na saa chache baadaye mtu anajikunja kwa maumivu. Kama palikuwa na pombe, ndiyo zaidi. Kwa hiyo kuumwa baada ya sherehe hakuthibitishi kwamba kuna mkono wa mtu.

Hatusemi sumu haipo. Dawa za kuua wadudu za kundi la organofosfeti zinaweza zenyewe kuvimbisha kongosho, na mgonjwa wake hutoka mate na jasho jingi huku mboni za macho zikiwa ndogo mno. Mwambieni daktari mnachoshuku, na mfanye kipimo cha lipase (kimeng'enya cha kongosho kinachopanda damuni likivimba) kabla ya kikao cha ukoo. Kipimo ni nafuu kuliko ugomvi wa miaka kumi.

5. Ni dalili gani zinanitaka niende hospitali leo hii?

Maumivu makali ya juu ya tumbo yanayokwenda mgongoni na hayatulii ukilala chali, kutapika kusikokoma, homa pamoja na macho ya njano, kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa. Kwa mtoto au kijana: kiu isiyokatika, mkojo mwingi, kukonda haraka, na pumzi nzito yenye harufu ya matunda yaliyoiva mno. Kituo kidogo cha afya kinaweza kuanza dripu na kupima sukari, lakini omba rufaa mapema.

## Vipimo

6. Kipimo changu cha amilase, kimeng'enya kingine cha kongosho, ni cha kawaida, ila daktari bado anasema ni kongosho. Inawezekana?

Ndiyo. Kwa uvimbe wa ghafla, madaktari hutafuta mambo mawili kati ya matatu: maumivu ya aina yake, amilase au lipase iliyopanda angalau mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, au picha inayoonyesha. Amilase hushuka baada ya siku chache, na mgonjwa aliyezunguka vituo vitatu kabla ya kufika anaweza kukuta imesharudi. Lipase hukaa juu muda mrefu zaidi. Kwa ugonjwa wa kudumu vyote viwili vinaweza kuwa vya kawaida au hata chini, kwa kuwa kongosho limebaki na nyama kidogo ya kuvitoa. Kinyesi chenye mafuta, kinachoelea na kunuka sana, husema mengi zaidi.

7. IgG4 ni nini, na kwa nini inapimwa?

Ni moja ya aina nne za antibodi (protini za kinga) za kundi la IgG. Mwaka 2001 Hideaki Hamano na wenzake wa Chuo Kikuu cha Shinshu, Japani, waliripoti kwamba wagonjwa wenye kongosho lililovimba na kukakamaa walikuwa nayo nyingi mno damuni. Miaka miwili baadaye Terumi Kamisawa akaonyesha kwamba ugonjwa hauishii kwenye kongosho: hugusa mirija ya nyongo, tezi za mate na za machozi, figo na kwingineko. Leo unajulikana kama ugonjwa wa IgG4, na kongosho ni sehemu yake moja.

Kiwango cha 135 mg/dL ndicho kinachotumika sana kama mpaka. Hapo inafaa tahadhari. Baadhi ya wagonjwa halisi wana IgG4 ya kawaida, na hadi mmoja kati ya kumi wenye saratani ya kongosho anaweza kuwa nayo juu kidogo. Kwetu kuna la ziada ambalo vitabu vya nje hulipita haraka: minyoo ya matende inajulikana tangu miaka ya 1980 kwa kupandisha IgG4. Mtu wa Lango au West Nile mwenye IgG4 iliyopanda kidogo asipewe jina la ugonjwa wa kinga kwa karatasi hiyo moja.

8. Mzee wetu ana macho ya njano na CT imeonyesha kichwa cha kongosho kimevimba. Wanasema ni saratani. Lazima iwe saratani?

Mara nyingi huwa ndiyo, na si haki kuwapa tumaini la uongo. Lakini uvimbe wa kinga wa aina ya kwanza (ule wa IgG4) huiga saratani kwa ustadi: mwanaume aliyepita miaka 50, manjano bila maumivu makali, amekonda, sukari imepanda. Katika hospitali kubwa za upasuaji duniani, asilimia chache ya makongosho yaliyokatwa kwa kudhaniwa saratani hukutwa baadaye yalikuwa ugonjwa huu ambao vidonge vingeutibu.

Yapo mambo ya kuuliza kwa heshima. Je, kongosho lote limenenepa na kupoteza mikunjo yake, kama soseji, au ni donge moja tu? Mrija mkuu umepanuka nyuma ya donge (hapo saratani hushukiwa zaidi) au umekuwa mwembamba kwa urefu? Kuna tezi za mate zilizovimba? Inawezekana kuchukua kipande cha nyama kwa sindano? Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2011 hukusanya hayo yote: picha, damu, viungo vingine, nyama chini ya hadubini, na jinsi mgonjwa anavyoitikia steroidi (dawa za kutuliza kinga).

Wapo wanaotaka kujaribu steroidi "tuone". Jaribio hilo lipo, hudumu wiki mbili kisha picha inarudiwa, ila hufanywa baada ya kutafuta saratani na kutoikuta, chini ya mtaalamu. Na Uganda kuna mgeni wa tatu mlangoni: kifua kikuu. Nacho hukaa kwenye kongosho na tezi zake, hasa kwa mwenye virusi vya ukimwi, na ukikipa steroidi peke yake umekifungulia njia.

## Kisukari na kinga

9. Mtoto wangu anachoma insulini. Je, ni kinga yake iliyomshambulia?

Huwezi kujua kwa kumtazama. Kinachoonyesha ni antibodi dhidi ya kongosho, na zinazopimwa ni nne: dhidi ya GAD65, IA-2, ZnT8 na insulini yenyewe (hii ya mwisho haina maana tena mtoto akishachomwa insulini kwa wiki mbili hivi). Hadithi yake ilianza mwaka 1974, Gian Franco Bottazzo na wenzake mjini London walipoona antibodi zinazoshika visiwa vya Langerhans. Kuanzia hapo dunia ilizoea hesabu rahisi: kijana, mwembamba, anahitaji insulini, basi ni aina ya kwanza, basi ni kinga. Soma swali linalofuata.

10. Ule utafiti uliofanyika Uganda, Kamerun na Afrika Kusini uligundua nini hasa?

Unaitwa YODA, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025 katika jarida la The Lancet Diabetes & Endocrinology. Uliwachukua washiriki 894 ambao kisukari chao kilianza kabla ya miaka 30 na wote walikuwa wamepewa jina la aina ya kwanza. Kwa Uganda, kitengo cha utafiti cha MRC/UVRI na LSHTM (ushirikiano wa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda na taasisi za Uingereza) kilichopo Entebbe kilikuwa miongoni mwa walioubeba.

Asilimia 65 hivi hawakuwa na antibodi yoyote kati ya zilizopimwa. Hapo mtu angesema pengine ni kisukari cha aina ya pili kilichopotea njia, au vipimo vilikuwa vibovu. Watafiti walitazama pia jeni: waliokosa antibodi walikuwa na hatari ndogo ya kurithi aina ya kwanza kuliko waliokuwa nazo, na bado hawakufanana na aina ya pili, kwa kuwa hawakuwa wanene na insulini waliyobaki nayo ilikuwa ndogo. Walipolinganishwa na vijana wa Marekani, kundi kama hilo lilionekana kwa karibu asilimia 15 ya Wamarekani weusi, na kwa weupe halikuonekana.

Maana yake ni kwamba kuna kisukari cha vijana hapa kwetu ambacho si cha kinga kujishambulia, na chanzo chake kinatafutwa. Lishe duni ya utotoni, maambukizi, sumu za mazingira, jeni nyingine: yote yako mezani. Kwa maoni yetu hili ndilo jambo kubwa zaidi lililotoka Afrika kuhusu kongosho kwa miaka mingi, na ajabu ni kwamba lilihitaji kipimo kilichokuwepo tangu zamani. Halikupimwa kwa sababu jibu lilidhaniwa linajulikana.

11. Kama mtoto hana antibodi, tuache insulini?

Hapana. Hapana kabisa.

Kukosa antibodi kunahusu chanzo, hakuhusu hitaji. Seli zikifa kwa kinga au kwa sababu nyingine, insulini inayokosekana ni ileile, na mtoto anayeihitaji akikatiwa anaweza kufa ndani ya siku chache. Kinachoonyesha kama kongosho lake bado linatoa ni C-peptaidi, kipande kinachotoka pamoja na insulini ya mwili lakini hakimo kwenye ya sindano. Hata kikiwa kizuri, kupunguza dozi ni kazi ya daktari anayemwona mtoto mara kwa mara na nyumba yenye mashine ya kupimia sukari. Tunasisitiza kwa sababu habari za YODA zilipoanza kusambaa kwenye WhatsApp, wako waliosoma kichwa cha habari tu.

12. Nimesikia utapiamlo unaweza kuleta kisukari. Ni kweli au ni siasa?

Ni suala la zamani lenye mizizi Mulago. Miaka ya 1940 J. N. P. Davies, mwanapatholojia wa Makerere, alipofungua miili ya watoto waliokufa kwa kwashakoo aliona seli za kongosho zinazotoa vimeng'enya zimesinyaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 A. G. Shaper, pia wa Makerere, aliandika kuhusu Waganda waliokuwa na kongosho lenye makovu na mawe, wengi wao maskini, akauliza kama upungufu wa protini ndio chanzo. Mwaka 1959 G. A. Zuidema alikuwa ameeleza jambo linalofanana Indonesia.

Shirika la Afya Duniani liliutambua ugonjwa wa kisukari wa utapiamlo mwaka 1985, likauondoa kwenye orodha mwaka 1999. Aprili 2025, kwenye mkutano wa Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliurudisha kwa jina la aina ya tano. Ubishi haujaisha, kwa sababu kuthibitisha kwamba njaa ya utotoni ndiyo iliyoleta ugonjwa wa ukubwani ni kazi ngumu.

Usichanganye na kisukari kinachokuja baada ya kongosho lote kuharibika kwa pombe au mawe. Huyo mgonjwa hukosa vimeng'enya pia, na sukari yake hushuka ghafla kwa urahisi kwa sababu homoni inayoipandisha nayo imepotea. Insulini yake hupimwa kwa uangalifu zaidi.

13. Je, muhogo unaharibu kongosho?

Dhana hiyo ilitoka Kerala, India, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa sababu muhogo una viambata vinavyotoa sayanidi na wagonjwa wengi walikuwa wakiula. Tafiti za baadaye hazikuiunga mkono: kuna wanaokula muhogo sana bila ugonjwa, na wagonjwa wasiougusa. Muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vizuri una hatari yake nyingine, ya kupooza miguu, kwa hiyo uandaeni kama wazee walivyofundisha. Kongosho mwacheni nje ya kesi hiyo.

## Tiba

14. Uvimbe wa kongosho wa kinga unatibiwaje?

Kwa prednisoloni, ambayo ni steroidi, na kwa kawaida huitikia haraka kiasi cha kushangaza. Dozi ya kuanzia huwa miligramu 0.6 kwa kila kilo ya uzito, au 30 hadi 40 kwa siku, kwa wiki zipatazo nne, halafu hupunguzwa pole pole. Usikatishe ghafla hata ukijisikia mzima: mwili uliozoea steroidi huwa umeacha kutengeneza za kwake. Sukari itapimwa mara nyingi, kwa sababu dawa hii huipandisha na kongosho tayari limechoka.

Kabla ya kuanza, mgonjwa wa Uganda apimwe kifua kikuu, virusi vya ukimwi na homa ya ini aina ya B, na atibiwe minyoo ya strongiloidi ikiwezekana. Steroidi huamsha vyote hivyo.

Aina ya kwanza (ya IgG4) hurudi kwa wagonjwa wengi. Hapo hutumika rituksimabu, dawa inayopunguza seli za kinga, na sasa kuna nyingine, inebilizumabu: jaribio la MITIGATE lenye wagonjwa 135 lilionyesha mwaka 2024 kwamba hupunguza hatari ya ugonjwa kulipuka kwa asilimia 87, na Marekani ikaidhinisha Aprili 2025. Bei yake ni ya nchi tajiri. Aina ya pili huwapata wenye umri mdogo zaidi, mara nyingi pamoja na vidonda vya utumbo mpana, IgG4 ikiwa ya kawaida, na ni nadra kurudi.

15. Zamani mgonjwa wa kongosho alitundikiwa dripu nyingi. Sasa wanatundika chache. Wanabana matumizi?

La. Jaribio la WATERFALL la mwaka 2022 lilisimamishwa mapema lilipofikia wagonjwa 249, kwa sababu waliomiminiwa maji kwa kasi walijaa maji mwilini zaidi (asilimia 20.5) kuliko waliopewa kwa kiasi (asilimia 6.3), bila kupona zaidi. Maji bado ni tiba muhimu, kwa kipimo. Na siku hizi mgonjwa huruhusiwa kula mapema, mara anapoweza.

16. Vidonge vya vimeng'enya vinatokana na nguruwe. Muislamu afanyeje?

Ni kweli, vinavyotumika kwa kawaida vinatokana na kongosho la nguruwe, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa kabla hajameza. Wanazuoni wengi wanaifikia hukumu kwa kanuni ya dharura, pale mbadala wa kufaa unapokosekana na afya ikiwa hatarini. Muulize sheikh wako ukiwa umebeba maelezo ya daktari, masheikh hujibu vizuri zaidi wanapojua mgonjwa anakonda kwa kukosa mafuta na vitamini, kuliko wanapoulizwa tu "nguruwe inafaa?" Ukishaamua kuvitumia, vimeze pamoja na chakula. Ukivimeza saa moja kabla ya kula, umepoteza pesa. Insulini ya siku hizi haina tatizo hili: tangu 1982 ipo inayotengenezwa kwa vijidudu vyenye jeni ya binadamu.

17. Mululuza, ule mti wenye majani machungu, unatibu kisukari?

Mti wenyewe una utafiti wa maabara kuhusu sukari, na si upuuzi. Lakini hakuna jani lililothibitishwa kufufua seli za insulini zilizokufa. Ukinywa pamoja na dawa, mwambie daktari, ili sukari ikishuka ghafla ajue. Usiunywe *badala* ya insulini (swali la 11).

18. Kuna dawa ya kuzuia kinga isishambulie? Na zile seli mpya?

Teplizumabu iliidhinishwa Marekani Novemba 2022. Katika jaribio la watu 76 lililochapishwa 2019, iliahirisha kuanza kwa kisukari kwa miaka miwili hivi. Inatolewa kwa dripu siku 14 mfululizo, kwa mwenye antibodi mbili au zaidi ambaye sukari imeanza kuyumba lakini hajaugua. Rudi kwenye swali la 10 uone ugumu: kwa kijana ambaye hana antibodi, hakuna shambulio la kuzuia. Ndiyo maana kujua chanzo kwetu si anasa ya wasomi.

Kuhusu seli: mwaka 2025 iliripotiwa kwamba kati ya wagonjwa 12 waliopandikizwa seli za visiwa zilizokuzwa maabara, 10 hawakuhitaji insulini baada ya mwaka mmoja. Wanameza dawa za kushusha kinga kila siku. Inatia moyo, na mtu akikuuzia "seli shina" mtaani Kampala leo kwa jina hilo, mkimbie.

## Kushiriki utafiti

19. Nani anaruhusu utafiti kwa watu nchini Uganda?

Kwanza kamati ya maadili ya utafiti ya taasisi, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia (UNCST). Kama ni jaribio la dawa, Mamlaka ya Dawa (NDA) nayo huidhinisha. Dai kuona fomu ya ridhaa yenye mhuri wa kamati na tarehe ya mwisho ya kibali. Mhuri ukiwa umepitwa na wakati, uliza.

20. Damu yangu inakwenda wapi? Inauzwa?

Muuguzi hujaza mirija midogo miwili au mitatu. Wenye kizibo cha zambarau ni wa kipimo cha HbA1c (wastani wa sukari wa miezi iliyopita). Ule mwingine husimamishwa wima kama nusu saa damu igande, kisha huzungushwa kwenye mashine. Juu hubaki maji ya manjano hafifu, seramu, na antibodi zimo humo. Hugawanywa kwenye vichupa vifupi kuliko kidole cha mwisho, kila kimoja kikiwa na namba bila jina, na kuhifadhiwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri yenye jenereta pembeni, maana umeme wetu tunaujua.

Sampuli zikienda nje lazima pawe na makubaliano ya maandishi na kibali cha UNCST, na fomu yako iwe imesema hivyo. Unaweza kukubali kupimwa na kukataa damu ihifadhiwe kwa tafiti za baadaye. Hayo ni maswali mawili, kila moja na sahihi yake.

21. Sijui kusoma, na Kiingereza hakinipandi. Naweza kushiriki?

Ndiyo. Fomu inapaswa kuwa katika lugha unayoielewa, Kiswahili kikiwemo. Husomewa kwa sauti mbele ya shahidi asiye wa kikundi cha watafiti, unauliza upendavyo, kisha unaweka dole gumba na shahidi anatia sahihi. Kwa aliye chini ya miaka 18 mzazi au mlezi huridhia, na mtoto mwenye kuelewa naye huulizwa. Akikataa, amekataa.

22. Nitalipwa? Nitapewa majibu?

Hurudishiwa nauli na kufidiwa muda, si mshahara. Si katika tafiti zote utapewa majibu ya sukari siku hiyohiyo, na ya antibodi yanaweza kuchukua miezi kwa sababu hupimwa kwa mafungu. Uliza kabla ya kutia sahihi: nitaambiwa lini, na nani?

23. Nikiangukia kundi la plasebo (dawa ya bandia isiyo na kiambato) si nimetolewa kafara?

Katika jaribio linalokubalika, kila mshiriki hubaki na tiba ya kawaida anayostahili. Plasebo huwekwa juu ya tiba hiyo, haichukui nafasi yake. Hakuna kamati itakayoruhusu mtoto anyimwe insulini ili aonekane tofauti. Na unaweza kujitoa siku yoyote bila kupoteza huduma yako ya kliniki.

## Yasiyo ya kila siku

24. Natumia ARV. Kongosho langu liko hatarini?

Didanosini na stavudini, zilizojulikana kwa kuvimbisha kongosho, zimeachwa. Kuhusu dolutegraviri, watafiti wa Kampala waliripoti wagonjwa wachache ambao sukari ilipanda sana miezi ya mwanzo baada ya kuhamishiwa dawa hiyo. Ni wachache, na dawa imeokoa wengi. Usiache kumeza, ukiona kiu na mkojo mwingi, omba sukari ipimwe.

25. Nina chembe ya seli mundu bila kuugua. HbA1c yangu ni ya kuaminika?

Inaweza kusoma chini kuliko ukweli. Si jambo la pembeni hapa: uchunguzi wa kitaifa uliochapishwa 2016 ulikuta asilimia 13.3 ya watoto wachanga wa Uganda wana hali hiyo. Mwambie daktari, alinganishe na sukari ya kidoleni.

26. Nifunge Ramadhani?

Anayetegemea insulini yuko kwenye kundi la hatari kubwa, na aliyetoka karibuni kwenye uvimbe wa kongosho asifunge. Al-Baqara, aya ya 184 na 185, zimempa mgonjwa ruhusa. Ukiamua kufunga licha ya ushauri, panga dozi na daktari mwezi mmoja kabla, na pima sukari mchana. Sukari ikishuka, fungua palepale.

27. Mtoto mmoja ana kisukari. Ndugu zake wapimwe antibodi?

Katika nchi za Magharibi, karibu ndugu mmoja kati ya 20 wa mwenye aina ya kwanza naye huugua, na huko kuna mipango ya kuwapima. Kwa hapa, ambapo wengi hawana antibodi, jibu safi halikuondolei wasiwasi. Kama kuna utafiti unaowapima, waingie. Kama hakuna, angalieni dalili za swali la 5, na mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani akianza tena, apimwe sukari siku hiyohiyo. Kituoni mwambie mhudumu mapema kwamba nyumbani yumo mwenye kisukari, maana mtoto anayetapika na kulegea hupimwa malaria kwanza, na tone lilelile la damu linatosha kwa sukari pia.